Nililipia Cheti cha Ukarabati wa Kiwandani, Nikajibiwa kwa Kejeli

Nimekaa na hasira hii kwa miezi kadhaa nikidhani itapoa, lakini kila nifunguapo kabati na kuiona bastola ile inapanda upya. Ninaishi Marekani, nami hukusanya bastola kongwe za Smith & Wesson; hii ninayoisimulia ni New Model No. 3, ya aina iliyoanza kutengenezwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1878. Aliyeniuzia hakunificha kwamba nikeli inayong'aa juu yake si ya awali, ila alishikilia kwamba bastola ilirudishwa kiwandani na kuchovywa upya huko huko. Kwa mkusanyaji jambo hilo ni zito, kwani kazi ya kiwanda huvumilika, lakini nikeli ya fundi wa mtaani huipomosha bei vibaya.

Kabla ya kummalizia fedha zake, niliituma kwa kampuni moja inayojitangaza kuwa huthibitisha silaha za kale. Cheti kilirudi haraka, kwenye karatasi nzito, kikisema kwamba "alama za ukarabati wa kiwandani zimeonekana". Ni alama zipi, hakikusema. Nami kwa ujinga wangu nikalipa.

Jioni moja nikachukua bisibisi, nikafungua vibao vya mpini na kuweka lenzi jichoni. Kiwanda kile kilikuwa na desturi ya kugonga nyota ndogo kando ya namba iliyo chini ya mpini kwa bastola iliyorudi kwa kazi kubwa, na miaka ya baadaye hata tarehe ya kazi iligongwa kwenye fremu, mahali panapofunikwa na vibao. Namba niliiona, imekaa kwa kina, kila tarakimu inasomeka. Nyota hakuna, wala tarehe. Nyundo, ambayo kiwandani iliachwa na rangi za mawingu-mawingu zitokanazo na kugumishwa kwa moto, ilikuwa nyeupe yote kama kijiko cha chai. Kwenye mtutu, vishimo vya kutu vilikuwa vimemezwa na nikeli. Aliyeichovya hakujisumbua hata kuvisugua.

Nikawapigia simu wale waliotoa cheti. Niliuliza kwa adabu zote ni alama gani waliyoiona, na wapi. Yule mthamini hakujibu swali. Aliniambia kwamba wao wameshika bastola nyingi kuliko nilizoziona mimi kwenye picha, kisha, baada ya kuisikiliza vizuri lafudhi yangu, akaniuliza huko nilikotoka watu hukusanya nini. Nilipomrudia swali langu la kwanza, akakata simu. Nimeshawahi kudhulumiwa fedha nyingi zaidi ya hizo na nikasahau, lakini lile swali lake silisahau.

Nikiwa nimetulia, nakiri kwamba si kila bastola iliyopita kiwandani iligongwa nyota. Nimepata pia barua ya historia kutoka Smith & Wesson Historical Foundation, nayo inasema kwamba bastola ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya buluu, si ya nikeli, bila neno lolote kuhusu kurudi; hata hivyo barua ya namna hiyo hueleza hasa jinsi silaha ilivyotoka, na ukimya wake hauwezi kumtia mtu hatiani. Kwa hiyo siapi kwamba muuzaji alinidanganya, maana huenda naye alisimuliwa akaamini. Pengine ningekubali hata cheti kilichosema "haiwezekani kuthibitisha". Hilo lingekuwa jibu la kweli na ningelilipia kwa moyo mweupe.

Ili nisiwaonee, niseme kwamba waliifunga bastola vizuri, hawakuikwaruza, na picha walizoambatisha ni safi kuliko zangu. Kwa ajili ya picha hizo nilikusudia kuwapa nyota mbili katika tathmini hii, na nilipoanza kuandika nilikuwa bado na nia hiyo. Lakini nimekifungua cheti tena sasa hivi ili ninukuu maneno yao sawasawa, na kwenye ukurasa wa pili ipo picha waliyoipiga wao wenyewe, ya chini ya mpini, imekuzwa: namba inasomeka yote, na pembeni yake ni chuma kitupu. Walikuwa nayo mezani pao siku walipoandika kwamba alama zimeonekana. Nawapa nyota moja.