Mrejesho: vikao 6 vya ushauri wa madeni, tukiwa na watoto wawili kituoni na hamu ya kununua nyumba

Naleta mrejesho wa huduma ya ushauri wa madeni na mkopo wa nyumba tuliyoitumia mimi na mume wangu, vikao 6 ndani ya miezi 9, unalipia kila kikao. Tulienda tukiwa na watoto wawili, mmoja miaka 3 mwingine miezi 8, wote wanashinda kituo cha kulelea watoto, kadi ya mkopo imejaa, mkopo wa gari haujaisha, na deni la shemeji ambalo halikuandikwa popote, na juu ya hayo yote bado tunataka nyumba yetu. Nilikuwa nalala nahesabu kichwani mpaka kunakucha.

Kabla ya hapo tulipitia sehemu nyingine, jina silitaji, wao kazi yao ni kukuunganishia madeni yako yawe mkopo mmoja. Tulifurahi sana maana rejesho la mwezi lilishuka karibu nusu na hakuna aliyetueleza limeshukaje. Huyu mama mshauri ndio alitukalisha akatuonyesha kwa mfano wa 1,000. Ukikopa 1,000 kwa riba ya 24% kwa mwaka ukaimaliza kwa miaka 2, unarejesha kama 53 kila mwezi na jumla unatoa kama 1,269. Hiyohiyo 1,000 ukiihamishia kwenye mkopo wa 18% wa miaka 5, rejesho linakuwa 25 na kitu, unapumua kabisa, lakini mpaka unamaliza umetoa kama 1,524. Yaani riba imeshuka na bado umelipa zaidi, kilichokula hela ni muda. Mume wangu aliirudia hiyo hesabu kwenye simu yake mara mbili halafu akanyamaza. Bahati nzuri mkataba wetu unaruhusu kulipa mapema bila faini, basi tukaongeza rejesho mwezi uliofuata, na kwa hilo peke yake hela ya vikao vyote 6 naona ilirudi.

Kadi nayo ilikuwa imebaki nje ya ule mkopo, tukawa tunalipa kile kiwango cha chini wanachoandika kwenye taarifa ya mwezi tukijiona tuko sawa maana hatujachelewa hata siku moja. Sasa angalia, riba ya 24% kwa mwaka ni 2% kwa mwezi. Kama unadaiwa 1,000 na kiwango cha chini ni 3%, unalipa 30, humo ndani 20 ni riba na deni limepungua 10 tu. Mwezi unaofuata deni ni dogo kidogo na kiwango cha chini nacho kinashuka, kwa hiyo ukiendelea hivyo, na hujatumia tena hiyo kadi, inakuchukua karibu miaka 6 deni lipungue nusu. Nusu tu! Na sisi muda wote huo tulikuwa na akiba ya kianzio cha nyumba, yaani ile hela ya mwanzo unayotoa mwenyewe juu ya mkopo, imekaa benki inatuletea 4%. Kila 1,000 pale inazaa 40 kwa mwaka, na huku kila 1,000 ya kadi inatutoza 240. Tulitoa sehemu kubwa ya akiba tukapiga kadi, na siwafichi nililia, maana ile akiba kwangu ilikuwa ndio nyumba yenyewe. Mshauri alitukataza kuitoa yote, akasema tubakize ya matumizi ya mwezi mmoja kwanza halafu tuijenge polepole ifike miezi 3, maana mwenye watoto wadogo akibaki mikono mitupu homa moja tu inamrudisha kwenye kadi.

Kikao cha pili akatuuliza taratibu, "mama, na kwenye familia hakuna anayewadai?" Tukatazamana. Deni la shemeji lina zaidi ya mwaka, mdogo wake mume wangu alitusaidia mtoto wa pili alipozaliwa, na kwa kuwa halina riba wala tarehe kila mwezi linakuwa la mwisho, na mwisho haufiki. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na sisi tulifika hapo, shemeji alikuwa hapokei simu na sisi tunakwepa mikusanyiko ya ukoo. Mshauri akatuambia deni la ndugu liandikwe kwenye karatasi ileile ya kadi na gari, kiasi, tarehe, rejesho dogo ambalo hatutashindwa, na benki ikate yenyewe siku ya mshahara. Tukampigia shemeji tukamwomba radhi tukamtumia na maandishi. Miezi 7 sasa hatujakosa na mwezi uliopita alikuja nyumbani na watoto wake. Hili hakuna programu ya bajeti kwenye simu ingenifanyia, nimejaribu 2 kabla ya hapa, zote zinakuonyesha duara la rangi la matumizi basi, haziulizi nani anakudai kwa mdomo.

Kitu kingine alichosema kuhusu ndugu, kama kuna anayetaka kuwasaidia kianzio, wakopeshaji wengi wanataka barua kwamba ile hela ni zawadi sio mkopo. Kama ni mkopo msiandike zawadi, hiyo ni kumdanganya mkopeshaji na rejesho lake bado litawadai kila mwezi.

Sasa nilipokata nyota. Kwenye ada ya watoto huyu mama hakunifurahisha. Aliweka ada ya kituo pembeni ya mshahara WANGU peke yangu, akaona inakula karibu wote, akashauri nifikirie kuacha kazi mpaka mdogo aanze shule. Nilimjibu kwa heshima lakini nilimjibu. Watoto ni wa wawili, kwa nini ada itoke kwenye mshahara wa mama? Halafu nikiacha kazi sipotezi mshahara wa leo tu, napoteza michango ya pensheni, nyongeza, na kurudi baada ya miaka 3 au 4 sio rahisi, na mkopeshaji atatupima kwa kipato cha mtu mmoja. Alisikiliza, akafuta, akaiweka ada kati ya vipato viwili, na picha ikabadilika kabisa. Namsifu kwa kukubali, lakini kwa mtu anayehudumia familia hilo lilitakiwa liwe kwenye fomu yake tangu mwanzo. Pia alihesabu kwamba mkubwa akianza shule ada yake inakuwa sifuri. Haiwi sifuri! Kuna masaa ya baada ya shule na kuna likizo, na sisi wote tuko kazini. Na siku mtoto anaumwa kituo hawampokei, ada unalipa vilevile, na kama kazi yako haina likizo ya kulipwa siku hiyo hupati kitu. Mambo haya niliyaongeza mimi.

Upande wa nyumba alikuwa mzuri mno. Alitueleza kile kipimo cha 28 kwa 36, kwamba gharama ya nyumba kwa mwezi isizidi 28% ya kipato cha mwezi kabla ya kodi na marejesho ya madeni yote pamoja na nyumba yasizidi 36%. Ni mwongozo tu, kila mkopeshaji ana wake. Lakini sikia hili, wakopeshaji wengine wanaihesabu ada ya watoto na wengine hawaiangalii kabisa, wanatazama mikopo tu. Kwa hiyo unaweza kuidhinishiwa kiasi ambacho nyumbani kwako hakilipiki. Tulipoziingiza ada zetu mbili kwenye hesabu, kiasi tulichokuwa tunakiota kilishuka sana, na nashukuru kilishukia mezani kwake na sio baada ya kusaini.

Akatuonyesha pia kwamba mkopo wa 6% kwa miaka 20, kila 1,000 unarejesha kama 7.16 kwa mwezi na jumla 1,719, ukivuta hadi miaka 30 unarejesha kama 6 tu lakini jumla inafika 2,158, na mwezi wa kwanza kwenye hiyo 6, 5 ni riba. Kuna na gharama za mwanasheria, uthamini na usajili ambazo mara nyingi hazimo kwenye mkopo, sisi hatukuwa tumeweka hata senti. Na akatuonya tusichukue mkopo mwingine wowote wala kuombaomba sehemu tofauti miezi ya karibu na kununua, na tuiangalie mapema ripoti yetu ya mikopo, ile inayoonyesha tunadaiwa nini na tunalipaje. Tuliikuta na deni tulilokwishalipa linasomeka halijalipwa, kulisahihisha kulichukua wiki kadhaa.

Zoezi alilotupa mwisho ndio tunalifanya sasa, tujifanye tayari tunalipa nyumba, yaani tofauti ya kodi ya nyumba tunayopanga na rejesho tunalolitarajia tuiweke akiba kila mwezi kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza tumeweza, wa tatu mdogo aliumwa tukapungukiwa, tukashusha kiasi tunachotafuta.

Nampa nyota 4. Mwaka huu hatununui, mkubwa anaanza shule karibuni na kitakachopungua kwenye ada yake kinaenda kwenye kadi, imebaki robo, ikiisha kinahamia kwenye kianzio. Nitarudi kwake kwa kikao kimoja kabla ya kusaini mkopo wowote, na nitaenda na hesabu ya likizo za shule nimeiandika mwenyewe.