SomaFM: redio niliyoisikiliza karibu miaka 20 na bado sijaichoka

Nianze na jina maana kila nikimtajia mtu wa Kiswahili anadhani ni redio ya masomo ya watoto. Hapana, SoMa ni kifupi cha South of Market, mtaa wa San Francisco kule Marekani, na redio yenyewe ni ya hukohuko. Ila mimi hilo jina nimelipokea kwa maana yetu kabisa, kwasababu nimesoma nayo kweli kweli, mitihani yangu ya mwisho yote niliisomea na Groove Salad masikioni, na hadi leo nikiwa na kazi inayotaka kichwa kitulie ndo kitu cha kwanza nafungua, kabla hata ya barua pepe.

Kwa asiyeijua, hii ni redio ya mtandaoni tu, usihangaike kuitafuta kwenye redio ya gari. Haina tangazo la biashara hata moja, haina mtu wa kukupigia stori katikati ya nyimbo, ina chaneli zaidi ya 30 na zote zinapiga saa 24. Aliyeianzisha anaitwa Rusty Hodge, alianza na kituo kidogo tu cha kurushia muziki kwenye tamasha la Burning Man mwaka 1999, watu wakaipenda, Februari 2000 akaiweka mtandaoni ikawa ya kudumu. Inaishi kwa michango ya wasikilizaji, na hilo nitalirudia huko chini maana ndo kiini cha mambo yote.

Sasa chaneli. Groove Salad ndo mlango ambao wengi tumeingilia, muziki wa taratibu wenye mdundo wa chini chini, hauna maneno mengi, haukuvuti shati ukiwa unafanya kazi lakini ukisimama ukausikiliza vizuri unakuta kuna vitu vimepangwa humo. Drone Zone ni tulivu zaidi, huko hata mdundo hakuna, ni sauti ndefu zinazokuja na kuondoka kama ukungu, mimi naiweka usiku nikikosa usingizi. Halafu kuna Mission Control, hii nikimsikilizisha mtu mara ya kwanza huwa namwangalia usoni: wanachukua muziki wa aina hiyohiyo wa utulivu wanauchanganya na sauti za safari za anga za NASA, wanaanga wakiongea na watu wa chini, namba zinasomwa, kimya kidogo, muziki unapanda. Kuna na ndugu yake SF 10-33, yeye anachanganya muziki na mawasiliano ya redio za polisi na zimamoto za San Francisco. Ukisikia kwa maneno unaona haviendani kabisa ila ukiiweka saa nane za usiku unahisi uko macho pamoja na mji mzima.

Nikitaka kuchangamka naenda Seven Inch Soul, muziki wa soul wa zamani unaopigwa kutoka kwenye santuri zenyewe, zile ndogo, na mkwaruzo wake unausikia. Heavyweight Reggae ni ya Jumamosi ya kufanya usafi. Secret Agent ni muziki wa kijasusi na mambo ya zamani ya kujidai, hii mtu akija nyumbani lazima aulize ni nini hiki.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote na naomba nikiseme bila kupunguza ni kwamba nyimbo zinachaguliwa na watu. Kuna mtu amekaa, amesikiliza, amesema huu unaingia na huu hapana. Zile programu nyingine za muziki nimezitumia sana na zinafanya kazi, lakini zinakuangalia wewe umependa nini jana zinakurudishia hichohicho leo, baada ya mwezi unajikuta unazunguka kwenye chumba kimoja. Hapa ni kinyume, mtu mwingine ana masikio yake na mapenzi yake na wewe ndo unamfuata. Mimi muziki wa Kiselti, ule wa asili wa Ireland na Scotland, nisingeutafuta kamwe maishani mwangu, nilikosea tu kubonyeza nikaingia Thistle Radio nikabaki humo wiki mbili.

Haya twende kwenye pesa, maana watu wanaona kitu cha bure wanafikiri kinajiendesha. Marekani redio ya kawaida ya FM ikipiga wimbo inamlipa mtunzi, haimlipi msanii aliyeurekodi. Redio ya mtandaoni inalipa kote kote, mtunzi na wa kurekodi, na mrabaha ule wa kurekodi, yaani malipo ya haki ya kupiga wimbo, ukawa unahesabiwa kwa kila wimbo mara kila msikilizaji. Mwaka 2002 kiwango kilichotoka kilikuwa senti 0.07 ya dola, unaiona ndogo eh? Haya chukua wasikilizaji 1,000 tu, nyimbo 15 kwa saa, masaa 24, hiyo ni dola 252 kwa siku, siku moja, na tena wakasema ilipwe kurudi nyuma hadi 1998. Yaani redio ikipendwa zaidi ndo inazidi kuumia, FM ikipata msikilizaji mmoja zaidi haiongezi chochote ila hawa kila anayeingia ni gharama. SomaFM ikazima Juni 2002. Ikakaa kimya miezi hadi mwishoni mwa mwaka Bunge lao lilipopitisha sheria ya kuwapunguzia mzigo vituo vidogo ndo ikarudi hewani.

Mimi hiyo sikuiona, nilianza 2006. Niliyoikuta ni ya 2007, viwango vilipandishwa tena na tarehe 26 Juni redio nyingi za mtandaoni za Marekani zikanyamaza siku nzima kupinga. Ndo siku niliyoelewa kwamba hiki kitu ninachokifungua kila asubuhi kama bomba la maji kinaweza kukatika kabisa na kisirudi. Kabla ya hapo nilikuwa nasikiliza tu, wala nilikuwa sijawahi kujiuliza nani analipa.

Malalamiko ambayo nimeyasikia kwa watu niliowaelekeza ni kwamba huwezi kuruka wimbo na huwezi kujua unaofuata. Nawaelewa, ila hii sio uzembe wa mtu. Kuruka huwezi kwasababu ni redio, wote mnasikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Leseni wanayotumia redio za aina hii kule Marekani ina masharti, ndani ya masaa matatu hawaruhusiwi kupiga zaidi ya nyimbo 3 za albamu moja wala zaidi ya 4 za msanii mmoja, na hawaruhusiwi kutangaza mapema wimbo gani unakuja. Ndo maana ukurasa wao unakuonyesha nyimbo zilizopita tu, zijazo hamna. Kama wewe unataka kusikia wimbo fulani sasa hivi, hii sio sehemu yake. Na kusema ukweli mimi nimekuja kuipenda hiyo hali, wimbo nisioupenda unapita dakika nne umeisha, na mara kadhaa ule nisioupenda ndo nimekuja kuuelewa mara ya tatu.

Bando je, hili naulizwa sana. Strimu, yaani mkondo wa sauti unaokuja kwa mtandao, ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58 kwa saa, kwahiyo siku ya kazi ya masaa nane ni kama MB 460, sio mchezo kwa mtu wa simu. Lakini wana strimu ndogo za AAC, njia ya kubana sauti iwe nyepesi, ya 64 ni kama MB 29 kwa saa na ya 32 ni kama MB 14, na hiyo ya 32 kwa Drone Zone kwenye spika ndogo inatosha kabisa. Kwenye Seven Inch Soul usiitumie, sauti za waimbaji zinakuwa kama ziko ndani ya ndoo. Nimewahi kukaa miezi minne na laini ya intaneti mbovu mno, video haifunguki, hata simu ya mtandaoni inakatakata, na hiyo strimu ya 32 ndo ilikuwa kitu pekee kinachokwenda bila kusimama, usiku kucha, nikiwa peke yangu na mgonjwa wa kumwangalia. Sijasahau.

Vya kwangu na visivyo vyangu vipo pia. Metal Detector, chaneli ya muziki mzito wa metal, sio yangu, nimejaribu. Zile chaneli za Krismasi mwezi wa 12 nazisikiliza siku mbili natosheka. Na kuna vipande vifupi katikati ya nyimbo vya kukukumbusha kuchangia, kuna watu vinawakera, mimi nimeshazoea na nikikumbuka ile hesabu ya dola 252 naona wana haki ya kuomba.

Ninachangia kidogo kila mwezi, sio pesa ya kutisha, na kama unaisikiliza kila siku nakuomba na wewe ufanye hivyo, au nunua hata fulana yao.

Kwa anayeanza: fungua Groove Salad, iache saa nzima bila kuigusa, ndo uhamie Mission Control usiku. Na ukisikia wimbo umekushika, nenda palepale kwenye orodha ya nyimbo zilizopita uandike jina. Orodha ni fupi, nyimbo mpya zinasukuma za nyuma zinapotea. Kuna wimbo mmoja wa piano na sauti ya mvua nilisema nitauangalia nikimaliza kula, miaka sita sasa naungoja upite tena.