Uzoefu wangu: pampu ya dizeli iliyokarabatiwa kwenye gari la zamani, miezi minane sasa

Nimesubiri miezi minane kabla ya kusema chochote kuhusu hii pampu, maana pampu yoyote ikitoka kwa fundi wiki ya kwanza ni tamu.

Gari ni pikapu ya zamani ya dizeli, silinda nne, kilomita laki tatu na ushee, haina kompyuta. Pampu ni rotari, ile ya plunja moja (kipande cha chuma kinachosukuma mafuta kama pistoni) inayogawa mafuta kwa nozo zote, yaani vile vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda. Tatizo lilianza kiajabu. Asubuhi inawaka mara moja tu, barabarani inavuta vizuri kabisa, ila ukizima dakika kumi injini ikiwa moto, ukirudi unapiga stata mpaka betri inakata, iache ipoe saa moja inawaka kama haijawahi kusumbua mtu. Nikabadilisha betri, nikabadilisha stata, nikabadilisha plagi za kupashia (plagi za kupashia na injini ya moto wapi na wapi, lakini ndo ukishachanganyikiwa), fundi mmoja akaniambia kompresheni imekwisha niandae hela ya kufungua injini.

Aliyeniokoa ni fundi wa pampu tu, siyo wa injini. Alichukua tambara, akalilowesha maji baridi, akalizungushia pampu, tukapiga stori kidogo, akasema haya piga. Ikawaka! Akanieleza kwamba plunja na hedi yake (chuma ambamo plunja inacheza) zimekaa kwa nafasi ya maikroni chache tu, maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, zikilika kidogo dizeli inapenya pembeni badala ya kwenda kwenye nozo, na dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi zaidi, inapenya yote. Ukipoza pampu dizeli inarudi uzito wake, presha inapatikana. Sasa msije mkamwagia ndoo ya maji pampu ya moto, vyuma vya nafasi ndogo hivyo vikipozwa ghafla vinaweza kung'ang'ania, tambara linatosha.

Kwenye mashine ya kupimia ndo nilielewa kwa nini barabarani ilikuwa haionyeshi kitu. Wanaizungusha pampu kwa mota na kila tundu linajaza kibomba chake cha glasi. Mzunguko wa juu vibomba vyote vilijaa karibu sawa, walipoishusha mpaka mwendo wa stata vikawa vinadondokewa matone tu. Pampu ikienda kasi haiipi dizeli muda wa kupenya, ikienda polepole inavuja yote. Huduma hii ya kupima naipa nyota tano bila kusita, na ningekuwa na akili ningeanzia hapo kabla ya kununua stata.

Walipofungua ndo aibu yangu ikatoka. Ndani kulikuwa na madoa ya kutu, na plunja ina mikwaruzo ya kuonekana kwa macho. Kutu maana yake maji, na pampu ya aina hii hailainishwi na oili ya injini, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, kwa hiyo dizeli ikiwa na maji au imechakachuliwa kwa mafuta ya taa vyuma vinasagana vikavu. Mimi miaka miwili nilikuwa najaza sehemu ambayo siitaji jina, kwa sababu ni nafuu, na ile koki ya kutolea maji chini ya filta sikuwahi kuigusa, hata sikujua kazi yake.

Fundi akaniuliza pia kama raba za pampu zimewahi kubadilishwa. Hazijawahi. Pampu hizi zilitengenezwa enzi dizeli ina salfa nyingi, leo Ulaya tangu 2009 haitakiwi kuzidi sehemu 10 kwa milioni. Wengi wanadhani salfa ndo iliyokuwa inalainisha, siyo, ni ule usafishaji wa kuitoa salfa unaoondoka na vitu vingine vinavyolainisha, ndo maana kule kiwandani wanarudishia dawa, na kipimo cha Ulaya, ambacho chuma kinasuguliwa ndani ya dizeli maabara, kinataka kovu la msuguano lisizidi maikroni 460. Raba za zamani nazo zikizoea dizeli moja halafu ukabadilisha zinasinyaa na kuvujisha. Nikaomba waweke za Viton, raba ya aina inayovumilia mafuta.

Matokeo: inawaka ikiwa moto, moshi mweusi umepungua, sailensi (mngurumo gari likiwa limesimama bila kukanyaga mafuta) imetulia. Ila msiifunge pampu iliyotoka kukarabatiwa kwenye gari lenye tangi chafu! Mimi nililishusha tangi, chini kulikuwa na tope kama kikombe kizima, nikaosha na mipira yote, filta mpya, ndo pampu ikafungwa. Bila hivyo ningerudi kwa fundi ndani ya mwezi.

Ile dawa ya kulainisha, ya kuchanganya kwenye dizeli, waliyoniuzia pamoja na pampu naipa nyota tatu. Mlio umepungua kidogo, au masikio yangu yanataka kuamini hivyo, lakini haiponyi pampu iliyokwisha lika, anayekuambia inaponya anakuuzia chupa. Siku hizi dizeli nikiitilia shaka naweka kidogo kwenye chupa ya glasi inalala usiku, maji na uchafu vinakaa chini unaviona. Mafuta ya taa huyaoni kwa njia hiyo, yanachanganyika kabisa, hapo unategemea uaminifu wa muuzaji tu.

Pampu yenyewe naipa nyota nne. Moja nimeitoa kwa sababu juzi nimeona unyevu kwenye shafti ya mkono wa akseleta, bado haidondoshi, ila vumbi linashika pale na linanuka dizeli. Garantii ni mwaka mmoja, Jumatatu naipeleka.