Hisabati kwa umri wa miaka 10 hadi 13: kozi ya mada moja moja au ya mchanganyiko?
Kozi ya mada moja humpa mwanafunzi maswali 20 ya kujumlisha sehemu, yote ya sura moja. Kwa siku mbili tatu inafaa: mkono unazoea kutafuta kigawe kidogo cha shirika cha asili, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini za sehemu hizo. Ila akifika swali la 6 hasomi tena, anarudia hatua tu.

Mchanganyiko, tuseme maswali 8 ya sehemu, desimali na asilimia, humlazimisha kuchagua njia kwanza. Hapo makosa hujitokeza: 1/2 + 1/3 anaandika 2/5, kwa kujumlisha juu na juu, chini na chini, ingawa 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Alama zitashuka mwanzoni, na wazazi wataguna. Bado, baada ya siku hizo za kwanza, tungechagua mchanganyiko.