Uzoefu wangu: mechi ya ufunguzi ya Hershey Bears

Nimekulia kwenye soka, na tangu nihamie Lancaster, Pennsylvania, nilikuwa nikiuona mpira wa magongo wa barafuni kuwa mchezo wa watu wengine. Jirani yangu ndiye aliyenishawishi twende Hershey, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, tukaitazame Hershey Bears ikifungua msimu nyumbani, katika uwanja wa Giant Center. Ninawaandikia Waswahili wenzangu wa huku ambao bado wanasita kutoa fedha yao: tiketi hiyo ina thamani yake, na kilichonishika zaidi ni kazi ya kipa.

Bears wanacheza AHL, ligi iliyo ngazi moja tu chini ya NHL, ligi kuu ya mchezo huu Amerika Kaskazini, na ndio wanaowakuza wachezaji wa Washington Capitals, timu ya NHL. Wamo katika ligi hiyo tangu 1938, na kufikia 2024 walikuwa wametwaa Kombe la Calder mara 13, mawili ya mwisho yakiwa ya 2023 na 2024 mfululizo. Kwa hiyo unaowatazama ni vijana wanaoweza kuitwa juu wiki yoyote, na hilo linaonekana katika bidii yao.

Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20, na mwanzoni kasi yake ilinichosha macho. Wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde 45 hivi bila mchezo kusimama, mmoja akiruka ukuta kuingia huku mwenzake akitoka, nami nilikuwa nikikitafuta kile kisahani cheusi cha raba wakati kimeshafika upande wa pili. Nilipoacha kukifuata na kuanza kuwatazama watu, mechi ikafunguka.

Kipindi cha pili kipa wetu alihamia goli la upande tuliokaa, safu ya tatu karibu na kona. Kabla ya filimbi alitembea kushoto na kulia akiikwaruza barafu kwa viatu vyake, na jirani akanieleza kwamba barafu iliyotoka kulainishwa na mashine huteleza mno, hivyo kipa lazima aitie mikwaruzo apate pa kujishikilia. Dakika chache baadaye mchezaji wetu mmoja alitolewa nje kwa adhabu, tukabaki pungufu kwa dakika 2. Kombora la kwanza alilizuia kwa ncha ya mguu wa kushoto, akiwa ameunyoosha hadi kinga yake ikalala juu ya barafu, na kabla kisahani hakijadunda alikuwa amekwisha kugeuza uso kule kitakakoangukia. La pili likamkuta mikononi. Sijawahi kumwona mlinda mlango wa mchezo wowote akisoma hatari mapema kiasi hicho.

Winga mmoja kijana alinipa mashaka, kwani alipoteza kisahani katikati ya uwanja tukafungwa bao la kusawazisha. Kocha alimrudisha uwanjani bila kukawia, naye kipindi cha tatu akajitupa mbele ya kombora na kulizuia kwa mbavu, tukiwa tunaongoza kwa bao moja lililodumu hadi mwisho. Beki mrefu aliyecheza nyuma yake hakupiga golini hata mara moja, lakini karibu kila shambulizi letu zuri lilianzia kwenye pasi yake ya kwanza.

Vaeni sweta nzito, kwa kuwa baridi ya barafu hupanda hadi vitini. Tiketi zetu tulizipata kwa muuzaji wa kati mtandaoni, ambaye aliongeza ada kubwa hatua ya mwisho ya malipo, na nawashauri mnunue moja kwa moja dirishani. Timu hubadilishana magoli kila kipindi, ndiyo maana tulimwona kipa wetu kwa karibu mara moja tu. Tiketi za mwezi ujao nimekwisha kuzikata upande wa pili, anakolinda kipindi cha kwanza na cha tatu.