Nimeuziwa kambare kwa jina la papa: duka la samaki wa mapambo, Mtwara mjini

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana anayeuza pale jioni. Mwenye duka asijisifie nayo.

Jina la duka sitalitaja. Mtwara ni ndogo, nami nina vyerehani vitatu hapa Magomeni vinavyolishwa na wateja hao hao. Atakayejua atajua.

Kilichonikera si samaki kufa. Samaki waliokufa nimewaona tangu nazaliwa. Ni neno alilonitamkia yule bwana mbele ya watu, tena amenipa mgongo anahesabu hela zake: "Mama, tatizo nyie wa huku hamjazoea samaki."

Sisi wa huku. Hatujazoea samaki. Mimi niliyekulia Shangani, mjomba wangu mvuvi, bibi yangu marehemu alikaanga samaki pale sokoni Feri mpaka macho yakaisha kwa moshi, mimi niliyemjua changu na chewa kabla sijaijua herufi a! Ndiyo, najua alimaanisha samaki wa kwenye kioo. Lakini wa kwenye kioo hakusema.

Nirudi nyuma kidogo. Ulikuwa msimu wa korosho, wa mwaka jana au wa juzi, nimeshachanganya. Hela ya mnada ya shamba la mama kule Tandahimba ilikuwa imeingia, na binti yangu alikuwa ameona tangi la samaki mapokezi kwenye hoteli fulani, basi nyumba haikulalika. Nikasema ngoja nimnunulie, na wateja wangu wakisubiri vipimo wapate kitu cha kutazama badala ya kunitazama mimi.

Bwana alitupokea vizuri siku hiyo, siwezi kusema uongo. Wakati wa kununua ulimi ni asali. Tangi la lita sitini, filta, pampu ya hewa, mawe ya bluu. Samaki wa dhahabu wawili, gapi watano, na "papa" wawili urefu wa kidole, rangi ya fedha na mstari mweusi ubavuni. Binti alipoona papa akashika mkono wangu kwa mikono miwili. "Hawa ndio mwisho wao, mama," akasema yule bwana. "Hawakui."

Na hita akaniuzia. Someni tena hapo. Hita ya kupashia maji joto, Mtwara, ambako Desemba unalala na khanga iliyolowa kifuani. Nikauliza, "Kaka, hii ya nini?" Akajibu kwamba samaki hawa ni wa nchi za joto, wanataka joto. Mwenyewe nilitoa hela huku jasho linanichuruzika mgongoni, wala sikujiuliza. Kumbe samaki wa dhahabu ni jamaa ya karpi wa huko Uchina, anapenda maji ya ubaridi ubaridi, na joto letu hili tayari ni kubwa kwake. Nilikuwa nawachemsha kwa umeme wa kulipia.

Maelekezo yalikuwa mafupi: jaza maji ya bomba, weka samaki, lisha asubuhi na jioni, kila wiki mwaga maji yote, mawe sugua kwa sabuni. Mimi mtu wa usafi. Nilisugua.

Wiki ya kwanza gapi wawili. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Nikamwaga, nikasugua, nikajaza upya. Wakafa wengine. Siku moja naamka alfajiri nakuta samaki wa dhahabu mmoja amepanda juu kabisa, mdomo uko nje ya maji anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, kama mtu anayetaka kukuambia neno na sauti haitoki. Matamvua yamemwiva, mekundu kama yamepakwa hina. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu na sare za shule. Sikujua amefika saa ngapi.

Nikamtia marehemu kwenye kopo la siagi, nikachukua bajaji mpaka dukani. Sikwenda kugombana, wallahi. Nilikwenda kuuliza nakosea wapi. Yule bwana akachungulia kopo, akasema: "Mama, pale Feri wanakufa wangapi kwa siku? Umewahi kwenda kudai?" Wateja wawili wakacheka. Ndipo akageuka kuhesabu hela na kulitoa lile neno lake la kutozoea samaki. Mmoja wa waliocheka gauni lake la sendofu lilikuwa kwangu. Nililichelewesha siku tatu, Mungu anisamehe.

Hapo nyota ilikuwa sifuri. Nilirudi nyumbani sina hata hamu ya chai.

Jumapili mjomba akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akavua kofia, na kabla hajakaa macho yakaenda kwenye tangi. Akainama, mikono mgongoni, kama anavyokagua chombo cha mtu mwingine.

"Nani huyu?"

"Papa, mjomba. Wale wadogo wa mapambo."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akamwita binti. "Njoo mjukuu wangu. Papa ana ndevu?"

"Hana, babu."

"Huyu je?"

Binti akasogeza pua kwenye kioo. Zilikuwepo, nyembamba kama uzi wa kushonea, pembeni mwa mdomo. Mjomba akaendelea: papa pembeni ana mipasuko mitano iko wazi, huyu ana kifuniko cha shavu kama samaki wengine wote. Papa ngozi yake ni msasa, inachubua mkono, huyu ni laini kama sabuni. Tena papa gani anaishi maji ya bomba? "Huyu ni kambare, mpwa wangu. Sijui wa wapi, lakini ni kambare. Umeuziwa kambare kwa bei ya papa."

Sekunde ishirini, na miwani hakuvaa. Ndio hao wasiozoea samaki. Halafu akatukumbusha, maana hawezi kukaa nusu saa bila kuitaja, habari ya Songo Mnara kule Kilwa mwaka 2003, alipovuliwa silikanti wa kwanza kuonekana Tanzania, samaki ambaye hadi 1938 wataalamu walimhesabu kuwa ametoweka zamani za kale. "Mtu asipomjua samaki anauliza," akasema. "Hamtungii jina."

Nikatafuta kwenye simu usiku ule. Kambare wa mto Mekong. Kule Vietnam wanamfuga kwenye mabwawa kwa ajili ya kula, minofu yake inasafirishwa dunia nzima. Anapita mita moja. Mita moja! Na mimi nina tangi ambalo hata mkono wangu haunyooki ndani yake. "Hawakui", alisema yule bwana, uso mkavu.

Sasa nije kwa kijana, maana haki ni haki. Nilirudi jioni moja kununua chakula, kwa sababu pengine pa kununua sikupajua, na mwenye duka hakuwepo. Kijana akaniamkia, akauliza samaki wanaendeleaje. Nikamwaga yote niliyonayo kifuani. Hakucheka. Akaniuliza swali moja tu: "Mama, ile filta uliiosha na nini?"

"Sabuni."

Akafumba macho kama kachomwa sindano.

Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa. Samaki anajisaidia mle mle anamovutia pumzi. Uchafu wake unatoa amonia, nayo ni sumu, ndiyo inayounguza matamvua. Kwenye mawe na kwenye sponji ya filta wanajijenga bakteria, hawaonekani, wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia isipozidi. Bakteria hao wanataka kama wiki nne mpaka sita ndipo watoshe. Mimi nilitia samaki tisa siku ya kwanza, na kila wakitaka kuota nawaosha kwa sabuni. Na maji ya bomba yana klorini, inaua waliobaki, na samaki inawachoma vile vile.

"Kwa hiyo mama, toa robo tu ya maji kwa wiki. Ya kujazia yalaze kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha, dawa iruke. Sponji ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani. Chakula, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kutunzia, ukimjaza anachafua tu. Na ile hita ichomoe."

"Kwa nini bosi wako hakuniambia?"

Akatazama barabarani. "Bosi anajua kuuza."

Kwa hiyo hapa inabidi niwe mkweli, na ukweli wenyewe unaniuma. Yule bwana alinitukana, lakini katika tusi lake mlikuwa na kitu. Sikuwa nimezoea. Namjua samaki akiwa ametoka majini, namjua wa nazi, wa kukaanga, wa kubanika. Samaki wa kumweka hai sikuwahi kuwa naye. Lakini mwenye kazi ya kunizoesha si ndiye huyo huyo aliyenipokea hela? Kila nikifika kwenye kumwonea huruma kidogo, ile hita inanirudia usoni.

Tangi lenyewe, nikiri, halijavuja hata tone. Filta inafanya kazi mpaka leo. Kufikia hapo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu, kwa ajili ya kijana na kioo.

Halafu umeme ukakatika. Gesi ilionekana Mnazi Bay tangu 1982, hapo tu, na bado tunakaa gizani, ila hayo yana siku yake. Ulikatika kuanzia jioni mpaka karibu na asubuhi. Pampu kimya, filta kimya. Nilichota maji kwa kikombe nikiyamimina toka juu ili yashike hewa, kama kijana alivyonifundisha, mpaka usingizi ukanishinda. Asubuhi samaki wa dhahabu aliyebaki hayupo, na gapi wa mwisho hayupo. Papa wote wawili wazima. Kambare, nasema! Kumbe wale wanaweza kupanda juu wakameza hewa na kuitumia, wanapumua hata maji yakichoka. Binti akalia kwa ajili ya samaki wa dhahabu, akacheka kwa ajili ya papa, vyote kwa pamoja, na uji ukapoa.

Mmoja alikufa baadaye. Ni samaki waoga, wanapenda kuwa kundi. Taa ikiwaka ghafla wanaruka na kujibamiza kwenye kioo, na huyo alijibamiza vibaya. Aliyebaki sasa kapita rula ya shule na yuko uani kwenye simtanki tuliyoikata juu, tumeifunika wavu. Anakula mkononi mwa binti. Mjomba kila akija anamtazama kwa jicho ambalo binti halipendi. "Babu, huyu si wa mchuzi." "Nani kasema mchuzi? Nimesema nazi?"

Nilimwendea mwenye duka nikamwuliza nimfanyeje, kwa sababu mtoni au bwawani siwezi kumtupa, samaki wa ugenini akizaliana huko ataharibu ya wenyewe. Akasema atamchukua kwa shilingi elfu kumi. Nikadhani ananilipa. Kumbe mimi ndiye nimlipe, "gharama za kumtunza". Na pale pale, nyuma ya bega lake, kuna tangi lina papa wadogo kumi au zaidi, urefu wa kidole, mstari mweusi ubavuni, na baba mmoja na mwanawe wamesimama wanawachagua.

"Hawa hawakui," akawaambia.

Nikamwinamia yule mtoto nikamwambia, "Mwanangu, hebu wahesabie ndevu." Sikusubiri jibu, bajaji ilikuwa inapiga honi.

Basi nyota ni moja. Au mbili, ukienda baada ya saa kumi jioni ukamkuta kijana. Ukimkuta mwenyewe, nunua kioo, nunua filta, usinunue kitu chochote chenye uhai wala chenye waya wa joto.

Hita ninayo bado, iko kwenye boksi lake. Mwenye ndugu Njombe anitafute.