Breka kubwa, mashine ndogo: uzoefu wangu wa kuchagua vifaa vya kubomolea zege

Mashine yangu ni Komatsu PC200, ekskaveta ya tani 20. Nimefanya nayo kazi hapa Dar es Salaam kwa miaka sita, na mwanzoni ilikuwa kuchimba misingi na mashimo ya maji taka tu. Kubomoa kulikuja baadaye, nilipoanza kuitwa na wenye viwanja vya Upanga na Kariakoo wanaoangusha ghorofa za zamani ili wajenge ndefu zaidi. Tangu hapo nimemiliki breka mbili, yaani nyundo za kuvunjia zege zinazofungwa kwenye mkono wa mashine, na taya moja ya kuponda zege. Breka ya kwanza niliijutia, ya pili ninayo hadi leo, na taya imebadilisha namna ninavyopanga kazi nzima.

Nianze na ile niliyoijutia, maana naona wenzangu wengi wanaelekea hukohuko.

Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba inakaa kwenye mashine yoyote. Ilikuwa na tani 2.6, patasi yake, ile nondo nene inayogonga zege, ina kipenyo cha milimita 155. Breka ya kiwango hicho imetengenezewa mashine za tani 28 hadi 35. Mimi niliangalia umbo na bei, nikaamini nimepata nguvu ya ziada kwa pesa ileile. Siku ya kwanza tu, opereta alinyoosha mkono wa mashine akauzungusha pembeni, na cheni ya upande wa pili ikanyanyuka kutoka ardhini. Akaushusha taratibu, akazima injini, akanifuata nilipokuwa nimesimama. "Bosi, hii itatulaza."

Uzito angalau unaonekana kwa macho. Kilichonitesa zaidi ni mafuta ya haidroliki, yale yanayozunguka kwenye mipira na kukiendesha kifaa. Breka ile ilitaka lita 180 mpaka 240 kwa dakika, na laini ya ziada ya mashine yangu, ile inayopeleka mafuta kwenye kifaa, ilikuwa imerekebishwa chini ya hapo, kwa hiyo ilipiga polepole kama mtu aliyechoka. Fundi akaongeza mtiririko. Ikapiga vizuri, lakini kufika saa sita mchana mafuta yalikuwa yamepata joto kiasi kwamba tulilazimika kuzima na kusubiri. Dizeli inaliwa, vibarua wamekaa kivulini, kibali cha halmashauri kinahesabu siku.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo halikuwa la breka yenyewe. Sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, zilipasuka mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nilibadilisha, nikalipa, zikapasuka tena. Fundi wa tatu niliyemwita hakugusa breka kabisa. Alifunga geji kwenye mpira unaorudisha mafuta, akaniambia niangalie mshale. Shinikizo la kurudi lilikuwa juu mno, kwa sababu aliyefunga mwanzo alikuwa ameyapitisha mafuta hayo kwenye vali kuu ya mashine badala ya kuyaelekeza tangini moja kwa moja kupitia filta. Akauhamisha mpira. Sili hazikupasuka tena mpaka nilipoiuza. Ndugu yangu, kama breka yako inavuja na fundi anakimbilia kubadilisha sili, mwombe kwanza apime shinikizo la mafuta yanayorudi.

Breka ya pili nilinunua mpya, ya tani 1.8, patasi milimita 140, inayotumia lita 120 hadi 180. Kwa karatasi ni ndogo. Kazini inavunja zaidi kuliko ile kubwa, kwa sababu inapata mafuta inayoyahitaji na mashine inasimama imara chini yake. Nimekuwa nikitumia kipimo kimoja tangu wakati huo: kifaa kisizidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wa mashine, na hapo ndani nahesabu pia kiungo cha kubadilishia vifaa haraka, ambacho peke yake kina mamia ya kilo. Halafu napima pini zinazokishika kifaa kwenye mkono wa mashine. Za PC200 ni milimita 80. Kifaa chenye matundu ya pini nyingine kitakulazimu kutengeneza bushi, yaani vyuma vya duara vya kuvalisha pini, na bushi za kuchongesha mtaani huanza kucheza mapema.

Patasi nayo ichaguliwe. Yenye ncha inafaa kwenye zege gumu linalotakiwa kutobolewa, bapa inapasua kwa kufuata mstari, na butu naipenda kwenye jamvi na mapande makubwa, kwa sababu haizami ikakwama. Grisi tunaweka kila baada ya saa mbili hivi, tena ile nzito ya patasi inayostahimili joto, na kabla ya kuweka opereta anaisimamisha breka wima akiigandamiza chini mpaka patasi iingie ndani yote. Ukiweka patasi ikiwa inaning'inia, grisi inaingia mahali pistoni inapogonga na kuharibu sili. Hatupigi sehemu moja kupita nusu dakika. Kama zege halijapasuka tunasogea pembeni. Na breka si mtaimbo, hairuhusiwi kubenulia kifusi. Hilo nimemwambia kila opereta niliyewahi kumwajiri.

Taya niliinunua kwa sababu ya mama mmoja wa Upanga. Tulikuwa tunavunja nguzo za chini za jengo lililopakana na nyumba yake. Akatoka barazani, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, tangu asubuhi vyombo vyangu vinagongana kabatini. Njoo uone." Niliingia. Vikombe vilikuwa vinalia kweli, na juu ya mlango kulikuwa na ufa ambao sikuweza kumwambia ni wa zamani au ni wangu. Nilisimamisha breka siku hiyo. Tangu jengo lile la ghorofa nne lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu, hakuna jirani ninayeweza kumwambia mtikisiko ni jambo la kawaida, wala sitaki kuwa mtu wa kusema hivyo.

Taya haipigi, inauma. Inafunguka karibu sentimita 80, inaponda boriti mpaka zege linamwagika, na visu vilivyo ndani kooni vinakata nondo. Mtikisiko na kelele vimepungua sana. Vumbi bado lipo, kwa hiyo lazima mtu asimame na mpira wa maji. Vijana wangu wanaiita mamba. Faida ambayo sikuitegemea ni nondo. Zamani tulikuwa tunalipa vibarua kugonga kifusi kwa nyundo ili kuzitoa. Sasa zinatoka zimenyooka kiasi, tunauza chuma chakavu kwa wingi zaidi, na zege lililobaki ni dogo la kutosha kujazia viwanja vyenye mashimo, kwa hiyo lori linabeba vizuri.

Gharama yake si ndogo. Nililipa zaidi ya mara mbili ya bei ya breka. Pia laini ya breka haitoshi, kwa sababu breka inataka mafuta yaende upande mmoja tu, wakati taya inayataka ili ifunguke na tena ili ifunge. Nililazimika kuongeza vali, mipira na pedali. Waulize hilo kabla hujalipa, kwa sababu muuzaji wangu hakulitaja mpaka taya ilipokuwa imeshushwa uwanjani.

Yangu haizunguki, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama. Kwa kuponda mapande yaliyolala chini haina mpinzani. Kwenye nguzo iliyosimama, mashine ikiwa chini, mdomo haukai sawa, na lazima tuilaze nguzo kwanza kwa breka. Ningekuwa nanunua leo ningejibana nipate inayozunguka kwa mafuta, hata kama inadai mipira mingine miwili. Mkono wa kawaida wa mashine ya tani 20 unafika kama mita 10 juu, kwa hiyo jengo linalozidi hapo sikubali kulianza kutoka chini kwa kifaa chochote.

Kama kazi yako ni nyumba za tofali, usinunue chochote kati ya hivi. Katika bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, pale Kimara, nyumba za tofali zilikuwa zinaangushwa kwa kijiko cha kawaida. Breka ni ya zege lenye nondo, msingi na mwamba. Taya ni ya mwenye kazi za ghorofa mfululizo, zilizobanwa na majirani. Mwenye ghorofa moja kwa mwaka akodishe.

Breka ya tani 1.8 naipa nyota tano. Taya naipa nne, na ile moja nitaiongeza siku nikipata inayozunguka. Yule mama wa Upanga tulimzibia ufa wake na kupaka rangi ukuta mzima, na jengo la jirani yake tulilimalizia kwa mamba.